Ni Nini Kinachobeba Bomba la Ghorofani?

Bomba linalopandisha maji katika jengo refu ni mzigo mkubwa. Tuchukue bomba la chuma lenye upana wa sentimita 10 kwa ndani na urefu wa mita 60. Maji yake peke yake yana uzito wa kilo 470 hivi, bila kuhesabu chuma.

Joto la bomba likipanda kwa digrii 60, bomba hilo hurefuka kwa milimita 43. Likibanwa kwa saruji kila ghorofa, hupinda au viungo vyake huvunjika. Kwa hiyo mafundi hulikaza mahali pamoja, mara nyingi katikati, lirefuke juu na chini. Kwingine huweka vishikio vinavyoliacha liteleze bila kuyumba, na springi za kusaidia kubeba uzito. Kati ya chuma na sakafu huwekwa mpira, mtikisiko wa pampu usiingie katika jengo.

Bomba tupu likisimama vizuri, tusidanganyike. Uzito kamili huja maji yanapojazwa. Kabla ya hapo tudai vishikio vyote vikaguliwe, na mtu yeyote asiwe chini yake.