Arthur Holmes na Asili ya Milima

Kilele cha Everest kina kimo cha meta 8,849. Hakuna mlima mwingine duniani uufikiao kwa urefu. Hata hivyo, ndani ya mawe ya kilele hicho yamo mabaki ya viumbe vya baharini. Yalifikaje huko? Bila shaka mawe hayo yalikuwa chini ya maji, kisha yakainuliwa. Lakini ni nguvu gani iwezayo kuinua sakafu ya bahari? Mmoja wa wanasayansi waliotafuta jibu la swali hili ni Arthur Holmes.

Umri wa miamba

Holmes alizaliwa Uingereza mwaka 1890. Alipokuwa akisoma London alijifunza kupima umri wa miamba. Baadhi ya miamba ina urani ndani yake. Urani hugeuka polepole sana kuwa risasi, na mwendo wa kugeuka kwake haubadiliki. Fikiria mshumaa unaopungua sentimeta 2 kila saa. Ukiona umepungua sentimeta 6, utajua kuwa umewaka kwa saa 3. Vivyo hivyo, mtu akipima urani iliyobaki na risasi iliyotokea, hujua umri wa mwamba. Mwaka 1911 Holmes, akiwa kijana wa miaka 21, alipima mwamba wa Norwe na kuona kuwa una umri wa miaka milioni 370.

Mwaka huo huo alikwenda Msumbiji kutafuta madini. Huko aliugua malaria vibaya, hata habari za kifo chake zikapelekwa kwao. Lakini alipona, akarudi kuendelea na kazi yake.

Joto lililo chini ya ardhi

Urani inapogeuka hutoa joto. Holmes alieleza kuwa, kwa sababu ya joto, miamba iliyo chini ya ganda la dunia hutiririka polepole mno, ingawa ni migumu. Yenye joto hupanda na iliyopoa hushuka, kama maji yachemkayo sufuriani. Mikondo hiyo huyachukua mabara. Mabara mawili yakisukumana, miamba iliyo kati yao hukunjamana na kuinuka, ikawa safu ya milima. Si milima yote iliyotokea hivyo. Kilimanjaro, kwa mfano, ulijengwa na volkano.

Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 1931. Kabla ya hapo, mwaka 1912, Mjerumani Alfred Wegener alisema kuwa mabara husogea, lakini hakuweza kueleza vizuri nguvu inayoyasukuma. Wataalamu wengi walimkataa. Hata maelezo ya Holmes hayakukubaliwa na wengi, naye mwenyewe alisema kuwa ushahidi zaidi ulihitajika. Hakuacha kazi. Aliendelea kupima miamba, na kufundisha katika Vyuo Vikuu vya Durham na Edinburgh.

Katika miaka ya 1960, wanasayansi waliochunguza sakafu ya bahari waligundua kuwa inapanuka. Ushahidi ulikuwa umepatikana. Holmes aliuona kabla ya kufa mwaka 1965.

Leo twajua kuwa ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa, ambayo husogea sentimeta chache tu kila mwaka. Twajua pia kuwa bamba linalozama huivuta sehemu yake iliyobaki nyuma. Bara Hindi lilianza kugongana na Asia miaka milioni 50 hivi iliyopita. Ndivyo mawe ya baharini yalivyofika kilele cha Everest.

Mizizi ya milima ya kale

Katika makala iliyochapishwa mwaka 1951, Holmes alieleza juu ya Ukanda wa Msumbiji. Ukanda huu wa miamba hupita Msumbiji, Tanzania na Kenya kuelekea Ethiopia. Miamba yake ilikunjwa na kugeuzwa na joto wakati mabara ya kale yalipogongana, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mvua na mito imeimomonyoa milima ya wakati ule, na tuionayo sasa ni mizizi yake. Utaikuta miamba hiyo katika milima ya Uluguru na Usambara, na katika vilima vya Taita.

Basi kumbuka jambo hili: katika sayansi, neno halikubaliwi kwa sababu msemaji ni mkubwa, wala halikataliwi kwa sababu wengi hawalipendi. Hupimwa kwa ushahidi.

Jaribio

Tandaza kitambaa juu ya meza. Weka viganja vyako kwenye ncha zake mbili, kisha visukume polepole vikaribiane. Kitambaa kimefanya nini? Chora ulichokiona.

Maswali

1. Urani humsaidiaje mwanasayansi kujua umri wa mwamba?
2. Kwa nini Wegener alikataliwa na wataalamu wengi?
3. Mlima Kilimanjaro na Mlima Everest vimetofautianaje kwa asili?
4. Bamba likisogea sentimeta 5 kila mwaka, litakuwa limesogea meta ngapi baada ya miaka 1,000?