Mwanao frateri anakwenda hija Roma? Zungumzeni afya kabla ya kufunga begi

Kwa kijana aliyesoma falsafa na teolojia kwa miaka kadhaa, kuona jina lake kwenye orodha ya hija ya masomo Roma ni furaha kubwa. Kaburi la Mtume Petro, Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, makatakombe walimozikwa Wakristo wa kwanza: mambo aliyoyafanyia mitihani sasa anakwenda kuyaona. Nyumbani nako, mama ameshaitangazia jumuiya nzima.

Katika furaha hiyo, afya huulizwa mwisho. Pasi, viza na nauli hushughulikiwa mapema, lakini pumu, kifafa au selimundu hunyamaziwa. Frateri anaogopa gombera akijua atamwondoa kwenye orodha, na mzazi anaogopa kumvunja moyo mwanawe.

Ukimya huo ni hatari. Mwenye selimundu, kwa mfano, anaweza kupatwa na maumivu makali kwa sababu ya upungufu wa oksijeni ndani ya ndege, baridi au kukosa maji mwilini. Daktari akijua mapema atashauri namna ya kusafiri na kuandika barua ya dawa. Kiongozi wa msafara akijua, hatababaika mgonjwa akizidiwa usiku.

Homa ikianza ugenini

Kwa kawaida homa ya malaria huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu mwenye vimelea. Hivyo frateri aliyeambukizwa Bukoba siku mbili kabla ya safari anaweza kuanza kutetemeka akiwa Roma. Italia ilithibitishwa kutokomeza malaria mwaka 1970, na daktari wa huko anaweza kudhani ni mafua. Malaria ikicheleweshewa tiba huua.

Mfundishe mwanao asisubiri kuulizwa. Aseme: “Natoka Tanzania, naomba nipimwe malaria.” Namba ya dharura huko ni 112.

Kadi ya manjano

Safari nyingi za Ulaya hupitia Addis Ababa, na Ethiopia ni miongoni mwa nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Cheti cha chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo chanjo ya dakika za mwisho haisaidii. Tangu Julai 2016, cheti hicho hutambulika maisha yote.

Ndani ya begi

Dawa zikae kwenye begi la mkononi, katika pakiti zake, na zizidi siku za safari. Viatu viwe vilivyozoea mguu: kuzunguka makanisa saba ya Roma, desturi iliyoenezwa na Mtakatifu Filipo Neri karne ya 16, ni mwendo wa kilometa 20 hivi. Julai na Agosti jua ni kali, hivyo abebe chupa ya maji. Ndani ya ndege asimame mara kwa mara na kunyoosha miguu ili damu isigande.

Mzazi aanzeje?

Usianze kwa kumshuku. Swali kama “dawa zako zinatosha siku ngapi?” hufungua mazungumzo kuliko “unanificha nini?” Kisha mwende pamoja kwa daktari, angalau mwezi mmoja kabla ya safari. Ushauri ukiwa ni kuahirisha, ni afadhali ausikie akiwa nyumbani, muda wa kutibiwa na kusubiri msafara mwingine ungalipo.