Weusi Uletwao na Mkorogo

Mkulima wa Kasekese, Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, akimfikia mhudumu wa afya huku amejitanda kanga hadi machoni, pengine haumwi jino. Anaficha madoa ya weusi wa kibuluu kwenye mashavu na paji la uso, wakati mwingine yenye vipele vidogo mithili ya mayai ya samaki. Ni okronosisi, na chanzo chake kikuu ni haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi itiwayo katika mkorogo. Findlay na wenzake waliieleza Afrika Kusini mwaka 1975.

Hila ya maradhi haya ni kwamba ngozi hung'aa kwanza. Baada ya miezi au miaka, rangi hujilimbikiza katika tabaka lake la ndani. Mgonjwa hudhani mkorogo haujakolea, akazidisha. Majirani wakiuliza husema ni jua, na kwa kiasi hakosei, kwa kuwa jua huchochea weusi huo.

Mhudumu asianze kwa kuuliza kwa nini alijichubua. Aulize anapaka nini, tangu lini, na aombe kopo lenyewe. Tiba ya kwanza ni kuacha. Mkorogo ukiwa na steroidi, uso waweza kuwaka na kuwasha kwa wiki kadhaa baada ya kuacha. Asiyeonywa mapema hurudia kopo. Avae kofia pana shambani. Madoa hufifia polepole mno, mengine hayaishi, na kumwahidi uso wa zamani ni kumrudisha kwa muuza mkorogo.