Mshipa wa Mguuni Uendao Kuuhudumia Moyo

Familia nyingi hushtuka pale mgonjwa wa moyo anapotoka chumba cha upasuaji akiwa na bandeji kifuani na nyingine mguuni. Huulizana: kilichouma ni moyo, mguu umekosa nini?

Mbele ya kifundo cha ndani cha kila mguu huanzia mshipa unaopanda chini ya ngozi, ukapita kando ya goti hadi kwenye kinena. Hakuna vena ndefu kuliko huo mwilini. Ibn Sina aliutaja kwa jina la safin, na matabibu wa Ulaya wakaufuata mwito huo, ingawa wapo wanaolinasibisha jina hilo na Kigiriki. (Huandikwa kwa swad, si safina ya Nabii Nuhu, amani iwe juu yake.) Zama hizo mshipa huo ulitumika kumtoa mgonjwa damu.

Damu nyingi ya mguu hurejea moyoni kwa vena zilizo ndani ya misuli. Kwa hiyo huu wa juu ukiondolewa, mguu huendelea na kazi yake. Mwaka 1967, huko Cleveland, Marekani, René Favaloro, daktari wa Argentina aliyekwisha kutibu watu wa shamba kwa miaka mingi, aliutumia kuzivusha damu mahali ateri ya moyo ilipoziba. Kipande chake hushonwa upande mmoja kwenye ateri kuu na upande wa pili mbele ya kizibo. Lakini sharti kigeuzwe juu chini, kwani ndani yake mna vilango viruhusuvyo damu kwenda upande mmoja tu. Hapa nchini upasuaji huo hufanyika katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Vena haikuumbwa kwa msukumo wa ateri. Vipande vingi huziba baada ya miaka kadhaa, hasa kwa mvuta sigara na kwa anayeacha dawa alizoandikiwa kwa kuwa tu kifua kimepoa. Hapo ndipo jamaa wanapohitajika zaidi kuliko siku ya upasuaji.

Mguu nao huweza kuvimba na kufa ganzi upande wa ndani. Uinuliwe mgonjwa aketipo, naye atembee kama alivyoelekezwa. Kidonda kikiwa chekundu au kikitoa usaha, arudi hospitali upesi, hasa mwenye kisukari.

Na anayetaka kuondolewa vena zilizovimba miguuni amweleze daktari iwapo ana maradhi ya moyo, kwani mshipa uliokwisha tolewa hautapatikana tena siku moyo utakapouhitaji.