Kabla Hujanunua Kadi ya Gemu, Pima Kwanza Kinachokwamisha

"Dada, GTA V inakwamakwama. Nina laki na nusu. Ninunue nini?"

Huyo ni mdogo wangu, na hela yenyewe aliikusanya miezi mitano kwa kufundisha tuisheni ya hesabu mtaani. Ikienda kombo hakuna nyingine. Kwa hiyo nilimpa jibu ambalo hakulipenda: usinunue kitu bado, kwanza tupime.

Nilikuwa na sababu. Mwaka juzi kompyuta yangu ilipochoka nilikimbilia kununua SSD, nikidhani gemu sasa litateleza. Windows ikaanza kuwaka fasta, gemu likafunguka haraka, ila nikishaingia ndani ya gemu mambo yakawa yaleyale. Nilikuwa nimetibu ugonjwa ambao haukuwa ndio unaonisumbua.

Kosa langu lina hesabu yake. Tuseme gemu linachukua sekunde 100 kufunguka: 80 za kusoma diski, 20 za kazi ya prosesa. Ukiweka diski yenye kasi mara kumi, zile 80 zinakuwa 8, jumla sekunde 28. Ukiweka prosesa yenye kasi mara kumi, jumla ni sekunde 82. Hata ungepata prosesa ya ajabu isiyotumia muda kabisa, bado ungesubiri sekunde 80. Mhandisi Gene Amdahl alieleza wazo hili mwaka 1967, akizungumzia kompyuta zenye prosesa nyingi: faida ya kuharakisha sehemu moja inabanwa na ukubwa wa sehemu ambazo hujazigusa. Sasa, ukiwa ndani ya gemu, diski haina kazi kubwa. Ndiyo maana SSD yangu haikunisaidia pale.

Kwa hiyo ndani ya gemu nani anafanya kazi? Picha unayoiona ikitembea ni mfululizo wa picha tuli, kila moja inaitwa fremu. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila moja ina milisekunde 16.7 tu za kuandaliwa. Prosesa inapanga: gari liko wapi, nani kagongwa, polisi wanatokea upande gani. Kadi ya grafiki inachora.

Fikiria mama ntilie wawili wanaopika chapati. Mmoja anasukuma, mwenzake anachoma. Anayesukuma akitumia sekunde 25 kwa chapati moja na anayechoma akitumia 12, chapati zitatoka moja kila sekunde 25. Ukinunua kikaango kikubwa zaidi hujabadilisha kitu, maana mchomaji alikuwa anasubiri tangu mwanzo. Kwenye kompyuta ni vilevile: prosesa ikitumia milisekunde 25 kwa fremu, utapata fremu 40 kwa sekunde hata uweke kadi ya mamilioni.

Kumjua anayechelewesha ni bure. Shusha resolusheni, yaani idadi ya nukta zinazochorwa kwenye skrini, halafu angalia fremu. Zikipanda sana, mchoraji ndiye aliyezidiwa. Zisipopanda, tatizo liko kwa prosesa. Pamoja na hilo, fungua Task Manager uone RAM imejaa kiasi gani, na uweke programu ya bure ya kupima joto.

Mashine ya dogo ni Dell OptiPlex 7010, zile kompyuta za ofisi zilizotumika. Ina prosesa ya Core i5-3470 ya mwaka 2012, RAM ya GB 4 na haina kadi ya grafiki. Uchoraji unafanywa na prosesa yenyewe. Tuliposhusha resolusheni kutoka 1366 kwa 768 hadi 800 kwa 600, fremu zilipanda kutoka 14 hadi 21. RAM ilikuwa imejaa pomoni. Joto la prosesa lilifika nyuzi 96, na prosesa ikipata joto kali inajipunguzia kasi yenyewe isiungue.

Tukaanza na cha bei rahisi. Tulipuliza vumbi, tukafuta ile pesti ya kijivu iliyokauka kati ya prosesa na kipozeo, tukapaka mpya. Shilingi 5,000. Joto likashuka hadi nyuzi 71, na ule mkwamo wa baada ya dakika kumi ukaisha.

Pili, RAM nyingine ya GB 4, 25,000. Hapa kuna faida mbili. Kwanza nafasi. Pili, RAM mbili zikichomekwa kwenye njia mbili tofauti zinasafirisha data sambamba: moja ya DDR3-1600 inapitisha GB 12.8 kwa sekunde, mbili GB 25.6. Fremu zikafika 17. Si nyingi, lakini kipimo kilikuwa kimeshatuambia kwamba mchoraji ndiye mwenye shida.

Mwisho ndipo ikaja kadi. Hapa wengi wanaumia, kwa sababu kompyuta za ofisi zina pawa saplai ndogo, na mara nyingi hazina waya wa ziada wa umeme wa kadi. Tundu la kadi kwenye ubao mama linatoa hadi wati 75 tu. Tulitafuta kadi inayoishi ndani ya hizo, tukapata GTX 750 Ti iliyotumika, wati 60, ya toleo lisilohitaji waya, kwa 110,000. Kabla ya kulipa tulimwomba fundi aiwashe na gemu lichezwe dakika 15. Usione aibu kuomba hivyo.

Jumla 140,000. GTA V sasa inacheza kati ya fremu 50 na 60, na chenji ya elfu kumi ikabaki.

Nilimweleza dogo ukweli mmoja zaidi. Prosesa yake haina maelekezo ya AVX2, yaliyokuja na kizazi kilichofuata mwaka 2013, na baadhi ya magemu mapya hayafunguki kabisa bila hayo. Hakuna kadi ya kutibu hilo. Hela ya tuisheni ijayo asiiweke tena kwenye mashine hii, aanze kuitunza kwa ajili ya nyingine.