Kuitwa Kwenye Usaili

Zamani watu wengi wa vijiji vya Unguja waliishi kwa kilimo, nazi na uvuvi. Mwaka 1986 Serikali ya Zanzibar ilitunga sheria ya kulinda vitega uchumi. Baadaye hoteli nyingi zilijengwa Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani. Katika Mji Mkongwe pia, baadhi ya majumba ya zamani yaligeuzwa kuwa hoteli. Watu huenda huko kuomba kazi ya upishi, ulinzi, kufua nguo au kutandika vitanda. Kabla ya kuajiriwa, huitwa kwenye usaili.

Usaili ni nini?

Usaili ni mazungumzo baina ya mwajiri na mwombaji kazi. Mwajiri anataka kujua kama mtu huyu ataiweza kazi. Mwombaji naye anataka kujua kama kazi hiyo inamfaa. Wengi hulisahau jambo hili la pili. Hukaa kimya kama washitakiwa mbele ya hakimu.

Waombaji hukutana na nini?

Waombaji husimulia mambo yanayofanana. Husubiri kwa muda mrefu. Huonyesha kitambulisho na vyeti vya skuli, na pengine barua ya sheha. Huulizwa kama wanajua Kiingereza. Wengine huambiwa watandike kitanda au wabebe sinia ya glasi, ili mwajiri auone utendaji wao.

Swali moja huwashinda wengi: "Umewahi kufanya kazi gani?" Tuseme mama mmoja wa Paje anajibu, "Sijafanya kazi yoyote." Kumbe amelima mwani miaka kumi! Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza pwani hiyo mwaka 1989, na ni kazi nzito. Mama huyo anajua saa za maji kupwa na kujaa, na hachelewi. Amepima kilo zake na kuweka hesabu na mnunuzi. Huo ni ujuzi, na inafaa ausema. Lakini asidanganye. Anayesema anajua Kiingereza hali hajui, ataumbuka kwa swali la pili.

Nawe uliza

Kuuliza si ujinga. Uliza kwa adabu:

1. Mshahara ni kiasi gani, na hulipwa tarehe ngapi?
2. Saa za kazi ni ngapi? Siku ya mapumziko ni ipi?
3. Nikitoka kazini usiku, nitarudije nyumbani?
4. Majaribio ni ya siku ngapi, na siku hizo nitalipwa?
5. Je, nitaandikishwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, yaani ZSSF?

Mfuko huo ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Mwajiri na mfanyakazi wote wawili huuchangia.

Swali la nne ni muhimu sana. Mtu anaweza kufanya kazi ya majaribio wiki nzima, kisha akaambiwa nafasi imejaa. Akarudi nyumbani mikono mitupu. Basi mapatano ya malipo yaandikwe kabla ya kuanza kazi.

Soma kabla ya kutia sahihi

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Utumie ujuzi huo. Soma mkataba neno kwa neno. Kama umeandikwa kwa Kiingereza, omba kwenda nao nyumbani ukasomewe na mtu unayemwamini. Hakikisha mshahara ulioandikwa ni uleule uliotajwa. Kisha weka nakala yako.

Tena, usitoe fedha ili upewe kazi. Hiyo ni rushwa, na rushwa ni kosa. Zanzibar ina Sheria ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005. Sheria hiyo inakataza ubaguzi katika kazi. Ukionewa, nenda ofisi ya Kamisheni ya Kazi ukaeleze.

Maswali ya kujadili

1. Wewe una ujuzi gani ambao hujawahi kuuita kazi?
2. Kwa nini ni hatari kutia sahihi karatasi usiyoisoma?
3. Andika maswali mawili ambayo ungemwuliza mwajiri.