Kamera ya harusi ikilowa, usikimbilie kuiwasha

KILA anayepiga picha za harusi Manzese anaijua Jumamosi ya namna hii. Kwaresima imekwisha, Idi imeshasherehekewa, kadi za mialiko zinagongana. Matarumbeta yako juu ya pikapu, msafara unatoka saluni, bibi harusi ameshashika shada. Ghafla wingu linafunga upande wa Ubungo, na kabla magari hayajafika Darajani, mvua imeshashuka.

Masika ya Dar es Salaam ni Machi hadi Mei, na mara nyingi ndiyo miezi ambayo harusi zilizosubiri mfungo uishe hufungwa kwa wingi. Mpiga picha anayesubiri jua atakosa kazi. Anayeingia mvuani bila kujiandaa anaweza kukosa kamera.

Na kamera hiyo si yake peke yake. Kamera nzuri na lenzi mbili ni mamilioni ya shilingi. Ndani yake huwa kuna akiba ya mke kwenye kikoba, mkopo wenye marejesho ya kila wiki, na ada za watoto. Wakati mwingine lenzi ni ya kukodi, na mwenyewe anaisubiri Jumapili asubuhi. Waranti ya kawaida ya kiwandani kwa kawaida haigusi uharibifu wa maji. Kwa hiyo kuilinda ni kazi ya nyumba nzima.

Kinga ya kiwandani ina mipaka

Kamera nyingi za bei kubwa zina mipira myembamba kwenye maungio na vitufe. Mipira hiyo huzuia manyunyu, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya mvua ya kumwagika nusu saa nzima. Chache ndizo zenye alama rasmi ya kipimo. OM-1 ya kampuni ya OM System, iliyotoka mwaka 2022, ina alama ya IP53. Tano inahusu vumbi. Tatu inamaanisha inahimili maji ya kunyunyizwa kutoka juu na ubavuni kiasi, si kumwagiwa ndoo wala kuzamishwa.

Kamera yenye kinga ikifungwa lenzi isiyo na kinga, maji hupita pale zinapoungana. Hata lenzi yenye kinga inaweza kuwa na sharti lake. Kwa Canon EF 16-35mm f/4L, kwa mfano, mpaka ufunge filta mbele ndipo kinga inakamilika.

Mwavuli, nailoni na kofia ya saluni

Zamani wengi walivisha kamera mfuko wa rambo. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, lakini njia nyingine zipo. Nailoni nyepesi inayouzwa kwa mita kwa ajili ya kufunika meza inatosha. Kata kipande, kizungushie kamera, kibane kwa rababendi mbele ya lenzi, kisha acha upande wa chini wazi mkono uingie. Kofia ya plastiki ya saluni nayo hufunika kamera vizuri unapotembea kati ya gari na mlango wa kanisa.

Kinga bora kuliko zote ni msaidizi mwenye mwavuli mkubwa. Kama ni mdogo wako au mtoto mkubwa wa nyumbani, mlipe na mwelekeze kuwa mwavuli ni wa kamera kwanza. Funga ile kola ya plastiki inayokaa mbele ya lenzi, maana huzuia matone kugonga kioo. Usipopiga, elekeza lenzi chini. Weka taulo dogo kavu ndani ya shati na ufute kila baada ya dakika chache.

Usibadilishe lenzi mvuani. Mwenye kamera mbili azifunge lenzi tofauti tangu nyumbani. Mwenye moja achague lenzi moja ya kumtosha mpaka apate paa.

Saa moja baada ya mvua

Kamera nyingi huponea barabarani na kuharibikia mahali pakavu, kwa sababu ya haraka ya mwenyewe.

Kosa la kwanza ni kiyoyozi. Kamera iliyokaa saa mbili kwenye ukumbi wa baridi ikitolewa ghafla kwenye joto la nje hufanya ukungu, hata ndani ya lenzi. Kabla ya kutoka, ifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa, na ukifika nje iache humo mpaka ipate joto la nje. Ukungu utashika mfuko badala ya kioo.

Kosa la pili ni kuiwasha ili kuona kama imepona. Maji yenyewe huweza kukauka, lakini umeme ukipita kwenye maji huunguza sakiti. Kamera ikilowa sana, zima, toa betri, kisha toa kadi ya picha. Kadi ndiyo ya kuokolewa kwanza, kwa sababu kamera hununuliwa tena lakini harusi hairudiwi. Ikauke kabisa kabla ya kuichomeka kwenye kompyuta.

Kosa la tatu ni moto. Usianike kamera juani, usiiweke karibu na jiko la mkaa, usiipulizie mashine ya kukaushia nywele. Joto hulegeza gundi na kusukuma unyevu ndani zaidi. Mchele nao huingiza vumbi na wanga. Futa kwa kitambaa, fungua milango ya betri na kadi, weka mbele ya feni, kisha uipeleke kwa fundi. Flashi iliyolowa usiifungue mwenyewe, kwani ndani yake hubaki umeme wa takribani volti 300 hata betri ikishatolewa.

Kama picha zilipigwa ufukweni Coco Beach, kuna chumvi. Futa nje kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa sana, halafu kikavu.

Mahali pa kulala kamera

Kurudisha kamera kwenye begi lenye unyevu na kufunga zipu ni kualika fangasi. Hustawi unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 70 kwa siku kadhaa, jambo la kawaida Dar es Salaam wakati wa masika. Huota kama utando wa buibui ndani ya kioo na huweza kukikwangua moja kwa moja.

Nyumba ya chumba na sebule haihitaji kabati la umeme. Chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana kinatosha, pamoja na silika jeli, zile punje zinazokuja kwenye viatu vipya, ila nyingi zaidi. Za rangi ya machungwa hugeuka kijani zikishiba maji, nazo hukaushwa kwenye oveni na kutumika tena. Za bluu zina kemikali yenye sumu, watoto wasizichezee. Chombo kikae mbali na mvuke wa jikoni, na begi lianikwe wazi.

Mwisho, radi ikipiga, au Mto Ng'ombe ukifurika na njia ya mkato ikamezwa na maji, kazi isimame. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wasiopungua 40 jijini. Mteja apigiwe simu na kuambiwa kuwa mpiga picha amechelewa. Nyumbani wanamsubiri yeye kwanza, kamera baadaye.